Kiti Kilichopata A

Mwaka wa tatu, kwenye kozi yetu ya uhandisi mitambo, kuna mradi wa usanifu. Wenzangu walichagua mashine za kukamua alizeti na kukoboa mpunga. Mimi sikuhangaika kutafuta, nilikuwa na Bibi.

Bibi yuko Muheza. Alipata kiharusi, upande wote wa kushoto ukapooza. Anayemuuguza ni shangazi yangu: kumnyanyua, kumwogesha, kumbeba mgongoni kwenda choo cha uani. Nikasema, ngoja, mjukuu msomi nipo. Natengeneza kiti cha magurudumu, shangazi naye apumzike.

Nilichorea hosteli, kwenye kompyuta. Vyuma nikanunua Gerezani kwa hela ya bumu, fundi wa kuchomelea akanisaidia kuunga. Mahesabu ya fremu yalikaa vizuri, kingebeba hata mtu wa kilo 120. Supavaiza akanipa A. Ripoti yangu ina kurasa 74, na Bibi ametajwa mara moja tu, kwenye shukrani.

Likizo ilipofika nikakipakia kwenye buti la basi. Shangazi akapiga vigelegele. Bibi akaketishwa, picha zikapigwa, nikatupia status. "Ahsante mume wangu," Bibi akaniambia, "Mungu akuzidishie." Nikarudi Dar kichwa juu.

Miezi miwili baadaye shangazi akanipigia usiku, sauti ya chini.

"Mwanangu, bibi yako ana kidonda kalioni. Zahanati wanasema ni cha kukaa sana. Alinikataza nisikwambie."

Sikulala. Sehemu ya kukalia niliweka plaiwudi na sponji ya inchi moja, maana kwenye mahesabu yangu Bibi alikuwa kilo tu. Mtu aliyepooza anaweza asisikie maumivu upande ule, na hata akisikia, kujiinua mwenyewe ili apumzishe mwili ni kazi. Shangazi akienda sokoni asubuhi alikuwa anamwacha kitini mpaka adhuhuri. Kile kidonda nilikitengeneza mimi.

Nikauliza na mengine, ndipo yakamwagika. Mlango wa choo una sentimita 60, kiti changu kina 66. Kumbe muda wote ule kiti kilikuwa kinafika mlangoni kinagota, shangazi anambeba mgongoni kama zamani. Vishikio vya kusukumia viko chini mno, kiuno kikazidi kumuuma.

"Sasa shangazi, mbona hamkusema?"

"Zawadi unaisemaje, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nikakuta wapo waliopita njia hii wakaimaliza vizuri. Amos Winter, mhandisi wa MIT kule Marekani, alikuja Tanzania mwaka 2005 kuangalia viti vya magurudumu vinavyotumika huku. Baadaye yeye na wenzake wakabuni kiti cha kuendeshwa kwa wenzo mbili za mkono, kwa ajili ya barabara mbovu. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji wakawaambia ukweli: njiani kinakwenda, ila ndani ya nyumba ni kipana, tena kizito. Wakakipunguza, wakaenda kukijaribu tena kwingine. Tofauti yetu mimi naiona hivi: wao walipeleka kitu cha kujaribiwa, mimi nilipeleka zawadi. Kitu cha kujaribiwa mtu anakikosoa. Zawadi ya mjukuu anaikalia mpaka kidonda.

Halafu kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Unazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu wenyewe kwenye maamuzi yanayowahusu. Serikali nzima inatakiwa iulize. Mimi, mjukuu wa damu, sikuuliza.

Pasaka nilirudi Muheza bila chuma hata kimoja. Nilibeba maboksi, gundi, kisu na futi. Nikasalimia shikamoo, nikakaa chini mkekani. "Bibi, leo sijaleta kitu. Nimekuja mnionyeshe nilipokosea."

Kimya. Kisha Bibi akacheka, akaanza, na hakunyamaza mpaka magharibi.

Kumbe hata wao wawili hawakubaliani. Shangazi anataka mkanda wa kumfunga Bibi asianguke yeye akiwa sokoni. Bibi akasema yeye siyo mbuzi. Sikujua niegemee wapi: mmoja ndiye anayekikalia, mwingine ndiye atakayemwokota akianguka. Tukakata boksi, tukapindapinda, mwisho tukapata kizuizi cha mbele ambacho Bibi anakifungua mwenyewe kwa mkono wa kulia. Shangazi alikijaribu mara nne ndipo akakubali.

Kisha Bibi akatoa jambo ambalo nisingeliwaza hata ningekaa hosteli mwaka mzima. "Mkono huu mzima. Niwekeeni pa kutegesha sinia nichambue mchele." Mimi nilikuwa nabuni kiti cha mgonjwa wa kuhudumiwa. Yeye alikuwa anataka kurudi jikoni.

Kiti cha pili kina sentimita 54, vishikio vinafika kiunoni kwa shangazi, na mto wa kukalia ni mnene. Shangazi naye amepanga na jirani, anapokuwa sokoni jirani anapita kumsogeza Bibi. Kidonda kilichukua miezi kufunga.

Nyie mnaoanza miradi muhula huu, hasa ya vifaa vya wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu: nendeni na boksi kabla ya chuma. Boksi halimtii mtu haya, anakwambia kata hapa, naye anakata. Ukishachomelea na kupaka rangi, utaambiwa ahsante tu.

Juzi Bibi kanipigia mwenyewe. Hata salamu haikuisha, anafoka kwamba sinia linainamia kushoto na mchele unamwagika. Nimefurahi kuliko siku ile ya A. Jumamosi naenda kulinyoosha.