Shamba Letu Limezama Baharini

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo je? Msomaji mwenzangu, swali hili limenikosesha usingizi.

Sisi twakaa karibu na mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Mwishoni mwa 2023 mvua ya El Nino ilinyesha, mto ukafurika, ukalimega shamba la mama, mahindi na yote. Karo yangu ilikuwa humo humo. Mama alikaa ukingoni kimya. Babu, ambaye ni mvuvi, akaniambia, "Shamba halikupotea, mjukuu wangu. Limekwenda baharini." Nikadhani ananiliwaza tu.

Kumbe ni kweli. Wakati wa kaskazi, mkondo huyasukuma maji mekundu ya Sabaki kusini hadi ghuba ya Malindi. Kusi ikivuma, maji hayo huelekea kaskazini. Babu huyajua majira kwa rangi ya maji peke yake.

Mwalimu wetu wa bayolojia akanipa jaribio. Nilijaza maji ya mto katika chupa mbili, moja nikaitia chumvi. Asubuhi yake, lo! Yenye chumvi ilikuwa imetulia, tope lote chini; ile nyingine bado kama chai ya maziwa. Mwalimu akaeleza kwamba chumvi hufanya chembe za udongo zishikamane, zikawa nzito, zikazama. Majani yaliyooza, mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho, na vinyesi vya wadudu wa majini hunaswa humo na kushuka pamoja. Hicho ndicho chakula cha kamba na kaa walioko chini.

"Basi si vizuri, Babu?" nikamwuliza. Akatikisa kichwa. "Chumvi hukoleza mchuzi, ikizidi huuharibu." Tope likizidi hufunika matumbawe, nayo yahitaji mwanga. Yakifa, samaki huhama, na nyavu za Babu hurudi tupu. Hapo nikaelewa kwamba hasara ya mama na ya Babu ni moja.

Likizo iliyopita tuliacha hatua kumi ukingoni bila kulima, tukapanda mabingobingo. Mama alinung'unika, maana shamba lenyewe limebaki dogo. Najua mto huu waanzia mbali, huko bara uitwako Athi, na hatua zetu kumi haziwezi kuuzuia. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi, wenzangu, ukuta wa baharini hatuuwezi.