Mstari Usiokuwamo

Desemba iliyopita kaka yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Mwanza pamoja na mwanawe wa miaka tisa, na kwa siku tatu sebule yangu ikageuka baraza la mabishano. Hatukubishania siasa wala urithi. Tulibishania gemu. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: katika michezo ya video ya miaka ya tisini, ni upi unaoweza kuchezwa leo bila kuonewa huruma? Maneno hayo ya mwisho ni ya kaka, nami nayapenda, kwa sababu kazi nyingi za zamani, mashairi yakiwamo, tunazisifu huku moyoni tukizionea huruma.

Ushahidi tulikuwa nao. Kaka alibeba mashine ya kisasa ambayo ndani yake michezo mingi ya enzi zile imeuzwa upya. Mwamuzi pia tulikuwa naye: mtoto asiye na kumbukumbu hata moja ya miaka hiyo, na kwa hiyo asiye na sababu ya kuidanganya nafsi yake.

Kaka alisimama na Final Fantasy VII, uliotoka mwaka 1997. Mimi nilisimama na Super Metroid wa mwaka 1994. Kabla ya fahali hao wawili kukutana, ilibidi wengine watolewe zizini kwanza.

Mchezo wa kwanza kuanguka ulikuwa GoldenEye 007, wa mwaka 1997. Wengi wanaukumbuka kwa mapambano ya watu wanne mbele ya runinga moja, kila mmoja na robo yake ya kioo. Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini ilitokana na wale watu wanne. Ukibaki peke yako nao leo, unahisi ulivyo mgumu kuuelekeza, kwani pedi ya zama zile ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kutembelea na kulengea. Ukafuata Tomb Raider wa mwaka 1996. Mtoto alimwendesha Lara kwa dakika kumi, kisha akaniuliza, "Shangazi, mbona huyu anageuka kama lori?" Swali lake lilikuwa na haki. Ulimwengu wa mchezo ule umejengwa kwa miraba ya kipimo kimoja, na kila mruko una hatua zake za kuhesabu. Wakati wake lilikuwa jambo la ajabu kumwona mtu akienda mbele na nyuma ndani ya pango, si kushoto na kulia tu. Leo ajabu imekwisha, limebaki lori.

Street Fighter II ulisimama imara. Ni wa mwaka 1991, lakini mtoto hakuuliza umri wake. Aliuliza tu namna ya kurusha moto. Mchezo huu una kisa ambacho kila mtunzi angepaswa kukijua. Ulipokuwa ukikaguliwa, mtayarishaji Noritaka Funamizu aliona kwamba pigo moja linaweza kuunganishwa na jingine kabla mpinzani hajapata nafasi ya kujikinga. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Wangeweza kulifuta kama kosa, wakaliacha, na ndiyo asili ya kombo ambazo michezo ya mapigano imezitegemea tangu hapo. Doom wa mwaka 1993 tuliucheza mtoto alipolala, nao vilevile haukuhitaji huruma ya mtu. Mwendo wake ni wa kasi, na kila adui anatambulikana kwa umbo na kwa sauti kabla hujafikiri.

Usiku huo nilidhani nimeipata kanuni. Michezo iliyodumu, nilimwambia kaka, ni ile iliyotungwa ndani ya umbo lililokwisha kukomaa. Mashine ya Super Nintendo ilikuwa na njia nane tu za sauti, na rangi 256 tu zilizoweza kuonekana kiooni kwa pamoja kwa kawaida yake. Ni finyu, lakini watengenezaji walikuwa wameuzoea ufinyu huo tangu miaka ya themanini, kama mtunzi aliyezoea mizani nane kwa nane katika mshororo, ambaye hahesabu tena kwa vidole. Kwa upande mwingine, wale waliokuwa wakijenga ulimwengu wenye kina walikuwa katika ubeti wao wa kwanza, katika bahari ambayo bado haikuwa na jina.

Kaka alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Leo umekuwa mwanamapokeo," akasema. Dhihaka hiyo ilinipata penyewe. Mimi ni mtu wa mashairi huru. Nilikisoma *Kichomi* cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, kama mtu aliyefunguliwa dirisha, na mara nyingi nimewabishia wanaodai kwamba pasipo vina hapana ushairi. Sasa nilikuwa nikitetea vina na mizani kwa ajili ya gemu. Tena kaka aliongeza hoja ambayo sikuweza kuiruka. Silent Hill wa mwaka 1999, alisema, ni mchezo wenye kina, na PlayStation haikuwa na nguvu za kuuonyesha mji mzima kwa mara moja. Watengenezaji wakaufunika kwa ukungu, na ukungu ule ndio hofu yenyewe. Umbo lilikuwa changa, ufinyu ulikuwa mkubwa, na kazi imedumu. Nilikubali. Pengine ukomavu si wa umbo bali wa mtunzi, anayejua kipi hakiwezi kusemwa na akakifanya kisichosemwa kuwa sehemu ya kauli yake.

Siku ya pili ilikuwa ya Super Metroid. Mtoto hajui Kiingereza cha kutosha kusoma kwa raha, nami sikumsaidia kwa makusudi. Baada ya utangulizi mfupi wa maandishi, mchezo huo karibu hausemi neno. Unamshusha Samus katika sayari yenye mvua na ukimya, ukamwacha. Mahali fulani mtoto aliangukia shimo refu asiloweza kutoka. Shimoni mle mna vinyama vitatu vidogo vinavyoruka kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, juu, juu zaidi, kisha vinashuka na kuanza tena. Hakuna maelezo yoyote. Mtoto alivitazama, akajaribu, akaanguka, akavitazama tena. Nilihesabu dakika zaidi ya ishirini. Alipotoka shimoni alipiga kelele hadi jirani akachungulia.

"Umefundishwa na nani?" nilimuuliza.

"Na wale wadogo," akajibu.

Nilimgeukia kaka kama wakili aliyemaliza kesi. Huo ulikuwa ufundishaji ambao haukuhitaji tafsiri: wala haukuchakaa, kwa sababu hauna maneno ya kuchakaa.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Final Fantasy VII, nao ulianza vibaya. Mikono ya wahusika ni kama matofali. Mapigano huzuka kila baada ya hatua kadhaa bila kuyaona yanakuja, tofauti na Chrono Trigger wa mwaka 1995, ambamo maadui wengi huwaona mbele yako na kupigana nao papo hapo. Toleo lililouzwa upya lina kitufe cha kuuharakisha mchezo mara tatu na kingine cha kuyazima mapigano hayo. Kaka alivitumia vyote viwili, nami nikamwambia kwamba kazi inayohitaji kuharakishwa mara tatu imekwisha kujihukumu. Juu ya hayo, Kiingereza chake cha mwaka 1997 kina makosa mashuhuri. Mna mahali Aeris anamwelezea mgonjwa kwa sentensi isiyopatana kisarufi, kana kwamba Mswahili angesema "mtu huyu ni wagonjwa." Na maneno ni mengi mno. Kila baada ya muda mfupi mtoto alimshika baba yake mkono: "Baba, anasema nini?"

Kaka alimtafsiria. Nami niliposikia sauti yake ikibadilika kwa kila mhusika, nzito kwa Barret, ya upole kwa Aeris, nilinyamaza.

Ilikuwa sauti ya Tanga. Mjomba wetu alikuwa baharia, na safari moja alirudi na PlayStation, kadi ya kumbukumbu, na mchezo huu wa diski tatu. Mimi nilikuwa na miaka minane, kaka kumi na minne. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na majina ya matunda. Hivyo Final Fantasy VII sikuusoma kamwe. Nilisimuliwa, mstari kwa mstari, na kijana aliyeketi sakafuni akiwa na pedi mapajani. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, hadithi haikukatika. Kaka aliendelea nayo gizani. Asubuhi tuliporudi mchezoni, mambo hayakulingana na yale ya gizani, naye alinijibu bila kusita kwamba maadui wamebadilisha mpango.

Mwaka huo bibi yetu alifariki, katika nyumba ileile. Watu wazima walitupeleka kwa jirani, na tuliporudi kitanda chake kilikuwa kimeondolewa. Hakuna aliyetuambia chochote. Majuma machache baadaye tulifika mwisho wa diski ya kwanza, mahali Aeris anapouawa kwa upanga wa Sephiroth huku akiomba. Nakumbuka niliuliza, "Anasema nini?" Kaka akasoma: "Nimefika mapema tu. Nanyi msikimbie."

Mstari huo nimeishi nao. Nilipoanza kutunga nikiwa sekondari, shairi langu la kwanza lililostahili kuitwa shairi lilijengwa juu yake, na katika daftari langu, chini ya kichwa, niliandika kwa unyoofu wote: "Kutoka Final Fantasy VII."

Jioni ile ya Desemba tulifika tena mahali pale. Upanga ulishuka. Kito cheupe kilidondoka kutoka nywele zake kikaruka ngazi kwa ngazi hadi majini. Muziki wake, wa Nobuo Uematsu, ulianza, na pambano lilipozuka mara moja baada ya hapo, halikuja na muziki wa vita. Wimbo uleule wa maombolezo uliendelea mpaka mwisho. Hata mtoto aliacha kuuliza. Mimi nilikuwa nikiusubiri mstari wangu. Haukuja. Aeris hasemi neno lolote anapokufa. Anayesema ni Cloud, aliyebaki hai.

"Yale maneno yako wapi?" niliuliza.

"Maneno gani?"

Nilimwambia. Kaka alinitazama kwa muda. "Sikumbuki kusema hivyo," akasema. Kisha akaongeza, huku akimpangusa mwanawe makombo ya biskuti mashavuni, "Lakini ulikuwa hulali, tangu bibi alipoondoka. Hilo nalikumbuka."

Kwa muda mrefu sikupata la kujibu. Siku tatu nilikuwa nimejenga kesi juu ya umbo na uchakavu, na bado naisimamia. Ukiniuliza mchezo upi wa miaka ya tisini uliodumu vyema zaidi, nitasema Super Metroid, kwa sababu mtoto wa leo anaweza kuachwa nao peke yake shimoni, akatoka. Lakini sikuwa nimetenganisha aina mbili za kudumu. Kuna kazi inayodumu kwa umbo lake: iweke mbele ya mgeni yeyote, itajisemea. Na kuna kazi inayodumu kwa kinywa cha mtu. Hiyo ya pili inahitaji mghani, na mghani mzuri hasiti kuongeza pale anapoona msikilizaji wake ana pengo. Hivyo ndivyo hadithi nyingi zilivyotufikia, wala hatuziiti mbovu kwa kuwa zimepitia midomo. Kosa langu, na labda la wengi wanaobishana juu ya gemu za utotoni, ni kuisifu diski kwa kazi iliyofanywa na aliyeketi kando yetu.

Nilimweleza kaka hayo. Hakukubali. Kwake yeye, mchezo uliomfanya kijana wa miaka kumi na minne apate maneno ambayo watu wazima nyumbani hawakuyapata una haki ya kudai kwamba maneno hayo ni yake pia. Super Metroid, akasema, usingemdai aseme chochote, kwa hiyo asingesema. Hapo hoja imekwama, na nadhani itakwama hivyo mpaka likizo ijayo.

Walipoondoka nililitoa daftari la zamani. Nilifuta "Kutoka Final Fantasy VII" na kuandika jina la kaka. Nilimpigia picha ukurasa nikamtumia. Alijibu usiku, akiwa bado njiani: nimefuta mtunzi nikaandika mkalimani, nirudishe kama ilivyokuwa.

Sijarudisha.