Gauni la Kuvaa Kando ya Ziwa

Ruharo, Mbarara

Mwanangu mpendwa,

Picha ulizonitumia nimezitazama zote. Nimefurahi mmeamua sherehe iwe kando ya Ziwa Nakivale, maana wavuvi wa hapo wamekuona ukikua. Ila gauni ulilolipenda, lile la satini lenye mkia mrefu, nakuomba uliache. Nitakueleza sababu, kisha uamue mwenyewe, kwani ndoa ni yako.

Yule bibi harusi wa kwenye picha amesimama juu ya mchanga mweupe, mkavu. Ufuko wa Nakivale unaujua wewe kuliko mimi: ni matope na mafunjo, na pale mitumbwi inaposhusha samaki magamba yametapakaa. Mkia wa gauni ukiburuzwa hapo hatua chache tu, umeharibika. Na kwa kuwa mnataka kulikodi mjini, mwenye duka atazuia pesa ya dhamana.

Tena siku yenyewe haitakuwa ya ufukweni tu. Sheria ya ndoa ya Uganda, ile ya tangu 1904, inataka ndoa ya kanisani ifungwe katika nyumba ya ibada yenye leseni, milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Kwa hiyo mchungaji atawafungisha kanisani kwanza, ndipo mteremke ziwani kwa maombi, keki na picha. Gauni litapanda gari, litakaa kwenye benchi, litapiga magoti. Hili la magoti usilipuuze. Wakwe zako ni Wanyankole, na mbele ya wazee wao utapiga magoti zaidi ya mara moja. Gauni lililobana mapajani kama lile litakuzuia kushuka kwa heshima, au litapasuka nyuma watu wakiona. Nimeshona nguo miaka mingi, na mshono wa nyuma ndio huachia kwanza.

Ushauri wangu ni krepu nzito kiasi, ibane kifuani na kufunguka kuanzia kiunoni, pindo liishie juu kidogo ya kifundo cha mguu. Shifoni inapendeza machoni, lakini upepo wa ziwa huamka mchana, nayo itakupanda hadi usoni. Mita 4 zinakutosha, na nyingine kama hizo za bitana. Kwenye bitana usibane matumizi. Mpiga picha atawasimamisha mmelipa ziwa mgongo ili maji yaonekane, na jua la alasiri likimetameta nyuma yako kila mtu ataona miguu yako kupitia kitambaa chembamba. Dukani, ingiza mkono chini ya kitambaa, kielekeze mlangoni penye mwanga. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, kirudishe. Kisha kifinye ndani ya ngumi kwa muda, ukiachie. Kikibaki na makunyanzi, kirudishe hicho nacho, kwa sababu kitafika ziwani kimekunjamana chote.

Waombe wavuvi chubwi ndogo, zile za kuzamishia nyavu, nne au sita. Kila moja nitaitia kwenye kifuko chake na kuishonea ndani ya pindo, upepo usiliinue gauni. Veli iwe fupi, ya kufika mabegani, ishikwe na kitana ndani ya nywele. Viatu viwe bapa.

Naona unaogopa kuambiwa si bibi harusi kamili usipovaa nyeupe pe. Mtindo huo ulienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa gauni jeupe mwaka 1840. Kabla yake hata Ulaya wengi waliolewa wakiwa wamevaa nguo za rangi. Huko pwani ya Waswahili bibi harusi ana kanga yake ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wifi yangu, mama yako, aliolewa Uvira akiwa amevaa kitenge kipya, na alipendeza hadi leo tunamsimulia. Wakwe zako nao watakuwa wameshakuona ndani ya vazi la mushanana siku ya kuhingira, sherehe ya kukuaga nyumbani. Mimi ningechagua rangi ya maziwa, maana vumbi la Nakivale halionekani upesi juu yake.

Neno zito ni la pesa. Tangu 2023, shirika la chakula la WFP lilipoanza kugawa msaada wa wakimbizi kwa kupima uhitaji wa kila kaya, nyumba nyingi hapo hupokea kidogo kuliko zamani, na nyingine hazipati kitu. Baba yako hawezi kukunyima. Atakopa, na hatakuambia. Usimwache aingie deni kwa ajili ya nguo ya saa chache. Kitambaa utakachochagua nitakilipia mimi, na kushona ni zawadi yangu kwako. Pesa mlizotenga za kukodi, nunueni godoro na sufuria. Baadaye nitalikata gauni lifike magotini, ulivae Jumapili.

Mwambie pia mchumba wako ratiba isivuke saa kumi na moja. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na njia zao hapo kandokando mnazijua. Watoto watakuwa wengi siku hiyo, wasiachwe wakizurura.

Njoo unipe vipimo mapema, tuwe na muda wa kurekebisha. Uje na viatu vyenyewe utakavyovaa na sidiria yenyewe, kwa kuwa pindo hupimwa umevaa viatu, na kifua hupimwa umevaa sidiria. Chumba chako hapa kipo.

Shangazi yako akupendaye