Mumbai: Gari la Moshi, Baiskeli na Mkebe wa Chakula

Mji wa Mumbai, ambao baba zetu waliusoma shuleni kwa jina la Bombay mpaka jina likabadilishwa mwaka 1995, umejengwa juu ya ulimi mwembamba wa nchi uingiao baharini. Urefu unao, upana hauna. Wengi hukaa kaskazini, ofisi nyingi ziko kusini, na kila asubuhi mamilioni ya watu hutaka kupita njia moja kwa saa ile ile. Kwa hiyo gari la moshi ndilo bwana wa mji. Gari la kwanza la abiria katika India yote liliondoka hapo tarehe 16 Aprili 1853, likafika Thane, mwendo wa kilomita 34. Siku hizi moshi hakuna, kwani umeme ulianza kutiwa mwaka 1925. Lakini jina tulilolizoea tusilitupe.

Nilianzia Vasai, kilomita 50 hivi kaskazini ya mji, kwa sababu hapo alizaliwa Mtakatifu Gonsalo Garcia, mwana wa baba Mreno na mama Mhindi. Alikuwa mfanya biashara, kisha akawa bruda wa Wafransisko, akasulubiwa Nagasaki, katika Ujapani, tarehe 5 Februari 1597, pamoja na wenzake 25. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa India aliyetangazwa mtakatifu, mwaka 1862. Nilisali, nikaenda stesheni.

Loo, msongamano ule! Gari halijasimama sawasawa, na watu wamekwisha kurukia. Magari mengi hayafungi milango. Yale machache yenye hewa baridi, yaliyoanza mwaka 2017, ndiyo hujifunga. Wanawake wana mabehewa yao. Mimi nilisukumwa ndani kama gunia, mguu mmoja ukiwa chini na mwingine sijui juu ya kiatu cha nani. Mlangoni alining'inia kijana mmoja, mkoba kifuani, upepo ukimpiga usoni. Tulipokuwa juu ya daraja la mlango wa bahari wa Vasai, mguu wake uliteleza. Mzee aliyekuwa nyuma yake alimshika ukanda wa suruali, akamvuta. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana aliinamisha kichwa, mzee akaendelea kusoma gazeti lake lililokunjwa mara nne. Baadaye nilielewa kwa nini hawakushangaa: katika reli za mji ule watu zaidi ya 2,000 hufa kila mwaka, wengi wakivuka njia kwa miguu, wengine wakianguka milangoni.

Nilishukia Bandra, kwa jamaa ya Wakristo waliokubali kunipokea. Juu ya kilima cha hapo kuna kanisa la Bikira Maria, ambalo hata Wahindu na Waislamu huliendea na mishumaa katika sikukuu yake ya mwezi wa Septemba.

Kesho yake asubuhi nilimwona mama wa nyumba akijaza mkebe wa orofa nne: wali kidogo, dengu, mboga, chapati. Mumewe alikuwa amekwisha kwenda kazini. Ana ugonjwa wa sukari, na daktari amemkataza vyakula vya hotelini. “Mkebe usipofika, hali kitu, au atakula kisichomfaa,” akasema mama. Punde akaja mtu mwenye kofia nyeupe, akauchukua bila kusema neno. Huyo ni dabbawala, ndiyo kusema mtu wa mikebe. Niliomba baiskeli ya mtoto wa nyumba nimfuate.

Nilidhani najua kuendesha kinga! Yule bwana alikuwa na mikebe zaidi ya thelathini, mingine imefungwa nyuma, mingine ikining'inia usukanini, naye akapenya kati ya teksi, mikokoteni na ng'ombe, wala hakutazama kando. Mimi sikubeba kitu, nikaanguka mara moja mbele ya duka la maua. Baiskeli haipandi gari. Stesheni mikebe hupangwa chini kwa alama za rangi, herufi na tarakimu zilizoandikwa juu ya kifuniko, kwani walioanzisha kazi hii mwaka 1890 wengi wao hawakujua kusoma. Kisha hutiwa katika behewa la mizigo. Churchgate wenzao wanangoja, wengine na baiskeli zao, wengine na sanduku refu la mbao la kubeba kichwani.

Kabla ya mwaka 2020 watu hao walikuwa karibu 5,000, na mikebe ipatayo 200,000 kwa siku. Ugonjwa wa korona ulipofika, magari yalizuiliwa kwa abiria wa kawaida, mikebe ikakoma, wengi wakarudi vijijini kwao upande wa Pune. Sasa wamepungua sana, kwani wenye ofisi wengine hufanya kazi nyumbani, wengine huagiza chakula kwa simu. Yule niliyemfuata aliniambia kwamba mwanawe hataki kazi hii. Alilisema hilo huku akifunga kamba, sikuona kama alisikitika.

Saa saba kasoro robo mchana niliukuta mkebe mezani kwa mwenyewe, orofa ya tatu. Alianza kwa kufungua orofa ya chini, akanusa, akacheka, akanikatia nusu ya chapati. Saa nane mkebe ulikuwa mlangoni, mtupu, ukingoja baiskeli ya kuurudisha Bandra.