Majitaka Yasiyoijua Bahari

Tanga. Mabomba ya majitaka ya mji huu ni ya zamani, na kinachopita humo huishia baharini bila kusafishwa. Mkazi akishamwaga ndoo chooni, habari imekwisha. Bahari ikipwa inachukua, ikijaa hatuulizi imerudisha nini. Katikati ya Dar es Salaam nako bomba lilielekezwa baharini. Mwenye bahari hujifunza uvivu mapema.

Moshi. Nimeshuka kwa ajili ya mabwawa ya kusafisha majitaka tu, na wenzangu wa safari wamenicheka. La kwanza lina kina: mazito huzama na kuoza humo pasipo hewa. Linalofuata ni pana, kijani kibichi; mwani hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua, bakteria nao huitumia kula uchafu. Yale ya mwisho ni ya kina kifupi, na huko jua huua vijidudu. Hakuna mashine wala umeme. Maji yakitoka hapo yanaelekea kwenye mpunga wa Mabogini. Kinachotakiwa ni eneo kubwa, jua, na mtu wa kufyeka majani na kutoa tope mwaka hadi mwaka. Huyo mtu ndiye anayesahaulika kwenye bajeti.

Mbulu. Njia imepita kijiji cha Mbuyu wa Mjerumani, daraja la Magara, kisha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi masikio yanaziba. Juu huku ni baridi, watu wamejifunika mashuka asubuhi. Baridi hii inagusa hesabu za mabwawa pia: bakteria hupunguza kasi, kwa hiyo mji wenye idadi ile ile ya watu utahitaji eneo kubwa kuliko ungekuwa Tanga. Atakayeleta mchoro wa pwani na kuubandika hapa atapata harufu, hatapata maji safi.

Tofauti kubwa zaidi na pwani iko chini ya miguu. Mto Magara unashuka Ziwa Manyara. Upande wa magharibi maji hufuata bonde la Yaeda kuelekea Eyasi. Hanang ina Balangida na Balangida Lelu. Maziwa yote hayo hayana mlango wa kutokea. Maji hupaa kwa jua, chumvi na kila kilichokuja nayo hubaki. Huku huwezi kumsukumia jirani uchafu ukasema umeondoka.

Katesh, kupitia Basotu. Nimemwamkia mama mwenye nyumba ya wageni, nikamuuliza choo kikijaa anafanyaje.

"Marahaba, mwanangu. Zamani tulifukia, tukachimba kingine. Sasa kiwanja kimekwisha, nichimbe wapi? Sebuleni?"

Amecheka, lakini amesema yote. Choo cha shimo ni mfumo mzuri penye nafasi, na kwa wafugaji na wakulima waliotawanyika vijijini sioni sababu ya kuudharau. Unashindwa pale nyumba zinapobanana. Dar, walikofikia hali hiyo zamani, watu huwaita vyura, wale vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo, au husubiri mvua kubwa wakatapisha choo mtaroni.

Na mvua ya huku si ya kutaniwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilipita Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walifariki. Tope la namna hiyo likipita juu ya shimo la choo, haliachi mpaka kati ya choo na kisima.

Kwa hiyo mabomba ya mji mzima nisingeyadai leo. Yanataka maji mengi ya kusukuma, na mji unaochota maji kwa ndoo hauna hayo. Ningedai eneo la mabwawa ya kupokea maboza yanayonyonya vyoo, upande wa chini, nje ya njia ya makorongo, litengwe kabla mpima viwanja hajapita, maana Katesh inanyooka kufuata lami ya Babati–Singida. Na yawepo mabwawa madogo kwa kila mji: Mbulu, Haydom, Katesh. Boza la majitaka likilazimika kwenda mbali, mafuta ndiyo yanayopanga bei, na dereva aliyelipwa kidogo atalimaliza tatizo kwenye korongo la kwanza lisilo na nyumba.