Gari Imebadilika, Bima Je?

Leo tunaweka pembeni hina na singo, tunakuja na jambo kavu kidogo. Bi harusi siku hizi hupelekwa kwa mume kwa gari, na wengi wenu mnazo zenu, za kununua wenyewe au za zawadi. Gari zinabadilishwa kila leo. Bima ndiyo inayosahauliwa.

Sisi ni ndugu wawili, tunapamba maharusi na tunawapeleka. Mwaka uliopita tuliuza Vitz yetu tukanunua Noah, maana mwari, somo yake, masanduku na wale mashangazi wasiokubali kubaki nyuma hawaenei kwenye kigari kidogo. Bima kubwa ya Vitz ilikuwa imeshakwenda miezi mitano, imebaki saba.

Watu hudhani bima ni ya mwenye gari, kwamba ukihama gari inahama na wewe. Sivyo. Mkataba umeandikwa namba ya gari, namba ya chesi, thamani yake na matumizi yake. Ukishaiuza, huna tena maslahi katika gari ile. Ikiungua kesho, hasara si yako, kwa hiyo huna cha kudai. Na gari mpya haimo kwenye karatasi hata kama umeilipia fedha taslimu na imelala uani kwako.

Mnunuzi wa Vitz, kijana mpole wa mtaani, alitaka tumwachie bima. "Dada zangu, imebaki miezi saba, si mtapata thawabu?" Tulicheka, lakini tukakataa. Bima haihamii kwa mtu mwengine bila ya kampuni kukubali. Angetembea akiamini ana kinga, akimgonga mtu ndipo ajue hana. Tukamwambia akakate yake kwanza, hata ile ndogo ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha kwa kila gari inayotembea barabarani. Alirudi mchana na cheti chake, tukampa ufunguo.

Kwa upande wetu njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha. Hapa wengi hushangaa, kwa sababu hawakurudishii kwa hesabu ya miezi iliyobaki tu. Ukivunja wewe mwenyewe, kwa kawaida kampuni hukata zaidi. Na kama umeshadai fidia mwaka huo, pengine hupati kitu. Ya pili, kubadilisha gari ndani ya mkataba uleule: inatoka Vitz, inaingia Noah, wanakupa karatasi ya marekebisho na cheti kipya, nawe unaongeza tofauti ya siku zilizobaki. Tukachagua hii. Ada ya Vitz ilikuwa 600,000 kwa mwaka, ya Noah 1,080,000. Tofauti ni 480,000, na kwa miezi saba kati ya 12 inakuja 280,000, tukiacha kodi.

Mbona Noah ghali hivyo? Thamani yake ni kubwa, hilo moja. La pili, afisa alituuliza: matumizi ya nyumbani au biashara? Jibu la nyumbani lingetupunguzia fedha nyingi. Lakini maharusi wanatulipa, na gari inayobeba watu kwa malipo chini ya bima ya nyumbani inaweza kukataliwa siku ya ajali. Tukasema biashara. Aya ya kwanza ya Suratul Maidah inatuamrisha kutimiza mikataba, na mkataba uliojengwa juu ya uongo sijui unautimiza vipi.

Sasa mtihani. Noah iliingia Jumatano, na Ijumaa tulikuwa na mwari wa kumpeleka Makunduchi. Alkhamisi ofisini wakaona namba ya chesi kwenye hati ya mauzo inatofautiana kwa tarakimu moja na iliyochongwa kwenye gari. Muuzaji ndiye aliyeiandika, na muuzaji yuko Pemba hadi Jumamosi. Bila ya hati sahihi, hakuna cheti, si kikubwa wala kidogo.

Tukakodi gari nyengine ya jamaa anayefanya kazi hiyo, yenye bima yake kamili. Shilingi 80,000, ndiyo faida yetu yote ya siku ile. Mama wa bi harusi alipiga simu. "Wanangu, gari mpya ipo uani kwenu, nimeshawaambia watu. Mnaniaibisha." Tukamwambia, "Mama tuwie radhi, ile haina bima, na mwanao ni amana." Hakuridhika. Alikata simu, na kwenye shughuli alitusalimia kwa ncha za vidole. Tulimwelewa, harusi ni siku moja. Lakini barabara ya Makunduchi ni ndefu, na mle ndani wangekuwemo wanawake saba na mtoto mchanga.

Jumatatu karatasi ikatoka.

Wanaouliza kuhusu takafuli: mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah, lilisema bima ya kibiashara ya ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana. Katika takafuli unachochangia ni tabarrui kwenye mfuko wa wote. Hata hivyo gari ikibadilika lazima uwaarifu vilevile, na kama utarudishiwa kitu au la ni jambo la kulisoma kwenye mkataba kabla ya kutia saini.

Na wewe bi harusi mpya uliyepewa gari na bwana: itazame kadi. Ikiwa bado ina jina la muuzaji, au la kaka wa bwana aliyesaidia kuiagiza, fuatilieni kuibadilisha mapema, na bima ikatwe kwa jina la mwenyewe hasa. Nenda na kadi, hati ya mauzo na kitambulisho, na uisome ile namba ya chesi kwa macho yako, herufi kwa herufi, ukiwa umesimama mbele ya gari.