Hariri ya Mbarika

Mgeni mmoja aliingia katika duka la nguo zilizofumwa kwa mikono, mjini Guwahati, katika jimbo la Assam, Bara Hindi. Akaonyeshwa shali ya wanawake wa Kibodo. Akaipapasa, akasema, "Hii si hariri, haing'ai."

Mwenye duka akampa kifukofuko kilicho wazi upande mmoja. Kiwavi wake hula majani ya mbarika, na nyumba yake ina mlango. Nondo hutoka bila kuchemshwa. Kwa hiyo uzi husokotwa kama pamba, polepole sana. (Lakini wengi humtoa buu mapema wakamla, maana ni kitoweo kitamu!)

Mgeni hakuomba apunguziwe bei. Alihesabu fedha zake, zikapungua. Akanunua kitambaa cha shingo.